Mkono Unaojua Joto

Kwenye kile kiwanda cha mikate hapakuwa na kipimajoto, na hata kingekuwapo, nani angekiangalia? Alikuwapo Mzee wa Tanuri. Aliingiza mkono kwenye mdomo wa tanuri, akahesabu mpaka sita, akautoa. "Bado," husema. Au, "Haya, ingizeni." Miaka ishirini na sita hakuunguza hata treya moja, na hakuona haya kulisema hilo kila alipopata wa kumsikiliza. Uzee wenyewe hakuwa nao. Alikuwa na miaka hamsini kasoro, kifua kipana, nyusi zimebabuka kwa moto.

Jambo jingine alilojivunia ni kukomaza watu. Kibarua mpya akiingia pale, wiki ya kwanza jasho linamtoka kapakapa, shati lake unaweza kulikamua. Mwezi ukipita, mgongo mkavu, anasukuma treya huku anapiga mluzi. "Huyu keshakomaa!" Mzee atatangaza, na wenzake watapiga makofi. Iwe kweli isiwe kweli, ndicho kipimo walichokuwa nacho: mgongo mkavu na uchangamfu. Lishike hilo, maana ndilo lililomponza.

Kila kiangazi kiwanda kilipofungwa wiki moja kwa usafi, alijitwika shanta mgongoni akatembea siku mbili, kuvuka nyika na vilima, hadi mtoni. Akifika anajitosa na nguo zake, anaogelea mpaka vidole vinakunjamana. Miaka yote alikwenda peke yake. Mwaka ule mkewe alimwomba amchukue shemeji yake.

Shemeji huyo, ambaye nyumbani walimwita Karani kwa sababu ya kazi yake ya ofisini, ndiye ndugu pekee wa mkewe. Mchumba wake alimwacha wiki mbili kabla ya harusi, naye akajifungia chumba cha nyuma kwa dada yake miezi minne, pazia limeshushwa, sahani zikirudi jikoni kama zilivyokwenda.

"Nitolee mtu humo ndani," mke alisema. "Lakini unirudishie mzima. Sina mwingine."

"Nitakurudishia mzima, tena anacheka," Mzee akajigamba.

Siku ya kwanza haikuwa mbaya. Karani alitembea kimya, jasho linamtiririka, begi likimwelemea upande. Mzee akamtania njia nzima. "Ofisini mnabeba nini nyinyi, mihuri?" Karani alitabasamu mara moja tu, nusu mdomo, lakini Mzee aliihesabu.

Siku ya pili jua liliamka na hasira. Saa tano walikuwa wamemaliza chupa nne za maji kati ya sita, na nyika yote mbele yao haikuwa na kivuli cha kumsitiri kuku. Walipofika kwenye mwamba mmoja uliojitokeza, Karani akavua begi.

"Shemeji, tukae hapa jua lipungue. Kichwa kinanigonga."

"Jua gani hili? Njoo tanurini nikuonyeshe jua! Mwendo wa saa tatu tu huu, tumo majini."

"Kweli siwezi."

"Hujawahi kujaribu, utajuaje huwezi? Simama, bwana. Dada yako ananisubiri nimpelekee mwanamume."

Maneno ya kijinga kabisa hayo, lakini Karani aliyasikia akasimama. Mzee mwenyewe akamvalisha begi.

Saa nane hivi Mzee akasikia kitu nyuma yake. Mluzi! Karani alikuwa anapiga mluzi, wimbo hauna kichwa wala miguu. Mzee akageuka. Shati la Karani lilikuwa kavu, limefanya ramani nyeupe za chumvi. Uso umeiva mwekundu, macho yanang'aa, miguu inapepesuka kama ya mlevi wa harusini. Na anacheka.

"Dada," Karani akasema, akimtazama Mzee usoni kabisa, "zima jiko. Chai inamwagika."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Miezi minne mtu hajatoa mzaha, leo anamwita shemeji yake dada! "Umekomaa!" akapiga kelele, wakiwa peke yao nyikani. "Umekomaa, Karani!" Akampiga kofi la pongezi. Mkono ukatua kwenye begi, si mwilini. Kisha akatangulia mbele, moyo mweupe, akipanga jinsi atakavyomsimulia mkewe. Kicheko kile kikamfuata nyuma karibu saa nzima.

Alipopanda kilima cha mwisho akauona mto, mpana, unametameta. "Haya sasa, tuone nani wa kwanza!" Akageuka.

Karani alikuwa hatua arobaini nyuma, amepiga magoti, begi limemkalia shingoni, uso mchangani. Mzee akakimbia akamgeuza, akamshika paji la uso. Mkono ukaruka wenyewe. Mkono ule ule uliokaa mdomoni mwa tanuri hesabu ya sita, miaka ishirini na sita.

Akambeba. Usiniulize aliwezaje, hata yeye hajui. Akaingia naye mtoni na viatu, akamshika kichwa juu ya maji kama mtu anayeosha mtoto mchanga. "Tumefika, shemeji. Amka tuogelee. Amka basi." Akapiga ukelele mpaka sauti ikamkauka. Gari la shamba lililokuwa ng'ambo lilipozunguka na kuwafikia, Karani alikuwa bado anapumua. Katikati ya safari ya hospitali akaacha.

Walipokwisha kuzika na wageni kuondoka, mke alimkuta ameketi chumba cha nyuma, pazia bado limeshushwa.

"Aliteseka?"

"Hakulalamika."

"Maneno yake ya mwisho yalikuwa nini?"

Angeweza kudanganya, na nani angejua? Lakini miaka ishirini na miwili waliyoishi pamoja hakuwahi kumficha neno.

"Alisema, 'Dada, zima jiko. Chai inamwagika.'"

Mke akashika ukingo wa kitanda. "Alikuwa ananiita mimi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Mzee akautazama mkono wake wa kulia.

"Nilicheka, mama. Nilicheka sana."