Duara Nililochora Kabla ya Dawa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, tulieni kidogo. Mnaniona bibi wa kijijini aliyeishia darasa la tatu. Lakini miaka ya tisini nilikuwa mhudumu wa wodi ya macho, Homa Bay kwanza, halafu Migori, na kazi yangu niliijua.

Siku ya kwanza nilipewa ndoo na fagio. Sista mkuu, mama mrefu asiyecheka, akaniongezea tochi. "Nyar Asumbi," akaniita, maana nimezaliwa Asumbi, "sakafu chafu nitakusamehe. Mboni usiyoitazama, sitakusamehe."

Mboni ni kile kitundu cheusi katikati ya jicho. Ukimulika inajikunja, ukiondoa mwanga inafunguka. Kila asubuhi nilimulika kila mgonjwa. Kuandika kulinishinda, basi nilichora duara katika daftari, la kulia na la kushoto, ukubwa kama nilivyouona. Sista wa zamu alitia sahihi chini. Nikajifunza chupa za dawa pia: yenye kifuniko chekundu inapanua mboni, ya kijani inaikaza. Sikuhitaji kusoma ili nijue rangi.

Nikahamishiwa kliniki moja Migori. Mkubwa wetu alikuwa afisa wa macho, mtu wa tai na kelele. Hapo akaja Mzee Okeyo, fundi cherehani kutoka Rangwe, na presha ya macho. Hiyo ni maji ya ndani ya jicho kukosa njia ya kutoka, jicho linakuwa gumu kama pera bichi na mshipa wa kuona unakufa polepole. Daktari wa upasuaji, aliyetutembelea kila baada ya wiki mbili, akayafungulia maji njia, akafunga bandeji kwa mkono wake, akaenda zake. Aliagiza dawa nyekundu ianze kesho yake saa nne.

Asubuhi sista akafungua bandeji, nikamulika. Mboni ilikuwa wazi kama kifungo cha koti, na haikutikisika. Nikachora, sista akatia sahihi, akaanza likizo yake.

Saa nne afisa akaliona jicho. "Nani ametia nyekundu kabla ya wakati? Ni wewe unayepanguza sinia ya dawa!"

"Sijatia, mkubwa. Tazama daftari."

"Hiyo michoro ya watoto wa nasari? Mtu hajui kusoma, apewe chupa!"

Akaandika barua nifukuzwe, ikisubiri daktari wa upasuaji aiidhinishe. Wiki mbili tulitia kijani, mboni ikakataa kujikunja. Nilikuwa na watoto wanne shuleni, na jina langu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu sokoni. Mzee Okeyo peke yake ndiye aliyenitania: "Nyar Asumbi, jicho langu limefungua mlango likapoteza ufunguo. Usilie, bado natunga uzi kwenye sindano."

Daktari aliporudi, aliweka barua kando akafungua daftari. Akalipekua hadi ukurasa wa Mzee Okeyo.

"Sahihi ya sista hii hapa," akamwambia afisa. "Bandeji yangu inafunguliwa, mboni tayari iko wazi. Hiyo dawa ilipita wapi?"

Afisa akalivuta daftari, akaitazama sahihi.

"Ni jambo nadra," daktari akaendelea. "Misuli ya mboni inakosa damu baada ya upasuaji, inapooza. Nimeliona mara mbili tu maishani. Huyu mama ndiye ameniwekea ushahidi."

Barua ikachanwa mbele yangu. Afisa hakuomba radhi, lakini kuanzia Jumatatu kila muuguzi wa pale alichora duara. Mboni ya Mzee Okeyo haikurudi. Jua lilimuumiza, akajishonea kofia ya ukingo mpana, akaendelea kuona na kushona.

Nilistaafu na daftari kumi na moja. Mwaka huu presha hiyo imenifikia mimi. Kabla ya kwenda kupasuliwa niliwaita watu wote wa boma, nikamkabidhi mke wa mwanangu tochi na daftari jipya. "Hakuna tone litakaloingia jichoni mwangu kabla hujachora," nikamwambia. "Na utie sahihi."