Maiki Mpya ya Kasuku

"Nimekuita mpaka ulimi umeota sugu, shemeji! Toka asubuhi wewe kimya, kama umemeza kufuli!"

Dereva wa lori la kokoto kaingia ofisini na vumbi lake lote. Kazunguka mji mzima na mzigo mgongoni, kumbe daraja limefungwa na kokoto zilitakiwa kwingine. Anayefokewa ni dada wa mkewe, mpanga safari za malori. Madereva wanamwita Kasuku, maana akishika ile redio koli ya mezani, hata nzi hapati nafasi ya kusema.

"Nilikwambia daraja limefungwa!" Kasuku akaruka. "Na ukabofya mara mbili!"

Ndivyo yadi ile ilivyo. Kasuku akimaliza kusema, dereva hajibu kwa maneno. Anabofya kitufe cha redio, tik-tik, basi: nimesikia.

"Nilibofya kwa sababu wewe ulibofya. Maneno sikuyasikia. Nikadhani unavuta pumzi."

"Na uliponiita, nilikujibu!"

"Ulinijibu kwa moyo?"

Kasuku alijua redio ya shemeji ndiyo imekufa, mbona wenzake wote wanabofya vizuri?

Tajiri wa malori akachungulia mlangoni. Maiki ile mpya kaileta jana mwenyewe, kaichomeka mwenyewe, akajipongeza mwenyewe.

"Maiki nzima hiyo. Usipowapata madereva sasa hivi, kesho urudi getini, mimi niwagawie simu."

Getini! Kasuku alikotoka, jua lake na matope yake, kufungua na kufunga mpaka kiuno kikaomba radhi. Kile kiti alikipata kwa jasho.

Akamtuma shemeji akakae kwenye lori, akisikia apige honi. Akabofya. Taa nyekundu ikawaka, mshale ukapanda. "Unasikia?" Kimya. Akaikaba maiki shingo, akakunja waya, akapiga kelele hadi dirisha likatetemeka. "Unasikia, mvivu wewe, mlaji wa vya mke?" Kimya. Bahati yake.

Akafungua plagi, akaiweka sambamba na ile ya maiki ya zamani. Pini nne huku, nne kule, ila waya wa sauti huku umekaa pini nyingine kabisa. Wa kubofya ndio umepatia, kwa bahati tu.

"Lakini iliingia bila kulazimishwa!" tajiri akalalamika.

"Ufunguo wangu nao unaingia kwa jirani, tajiri. Mlango haufunguki."

Akaleta chuma cha kulehemu, akaungua kidole, akalaani ukoo mzima wa watengeneza plagi, akahamisha waya. Akabofya. "Dada yangu alikosa wanaume?"

Honi ikalia yadi nzima.

Akawaita madereva wengine: leo mjibu kwa mdomo! Wakajibu. Hakuna aliyesikia neno toka asubuhi. Mmoja kapeleka mchanga kwa mtu aliyeagiza matofali.

Tajiri akawaka. "Hawasikii kitu, halafu wanabofya tu? Mpuuzi gani aliwafundisha hivyo?"

Shemeji alikuwa keshafika mlangoni, anamtazama Kasuku, mdomo kaukunja kuzuia kicheko. Yeye anajua. Wote wanajua. Aliyewakataza madereva kuongea, eti wanamkatiza, ni mmoja tu.

"Nauliza, ni nani?"

Kasuku akaitundika maiki, akachukua mkoba wake, akampita shemeji bila kumwangalia, akashika njia ya getini. Nyuma yake redio inaita: "Kasuku, Kasuku, huu mchanga niupeleke wapi?"