Televisheni ya Misa ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipoteremka mlimani na mjomba wangu Bonifasi kwenda Morogoro mjini kununua televisheni ya kwanza ya nyumba yetu. Usinicheke, siku hizo nilikuwa bado kijana, napanda na kushuka na tenga la karoti kichwani bila kuhema. Nakueleza haya kwa sababu nasikia wewe na mchumba wako mnazunguka madukani kutafuta TV ya nyumba yenu mpya hapa Bigwa, na mnachopima ni upana tu.

Televisheni ile ilikuwa na kazi moja. Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa hawezi tena kutembea. Miguu ilikuwa imemgomea, na kanisa la misheni liko ng'ambo ya bonde, njia yote mawe na utelezi. Mwanamke aliyezoea kufika Misani kabla ya kengele akawa anashinda kitandani Jumapili, amegeukia ukutani. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tukakubaliana tumletee Misa nyumbani, aione kwenye televisheni. Umeme wa nguzo ulikuwa haujapanda huko kwetu, ila tulikuwa na sola juu ya bati na betri moja chumbani.

Dukani macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu, ya mtumba, kubwa kama kabati la vyombo, na bei yake nafuu kuliko zile nyembamba. Nikaanza kujiona: majirani wamejaa sebuleni, mimi nagawa viti, nyumba yetu imekuwa gumzo mlima mzima. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinisoma mara moja.

"Mama, hii ndiyo mashine," akasema, akiipigapiga mgongoni. "Ukifungulia sauti, mpaka watu wa Dumila watakusikia!"

Nikacheka, nikasema naichukua. Lakini kwetu Waluguru, unajua, mjomba ndiye mwenye neno katika nyumba ya dada yake. Kwa hiyo nilimgeukia Mjomba Bonifasi nikitegemea aitikie tu. Alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, kofia mkononi.

"Inakula umeme kiasi gani?" akamuuliza kijana.

"Mzee wangu, hii ni TV, siyo ng'ombe," kijana akatania. Kisha akakiri kwamba hizi kubwa za zamani zinakula sana, na kwa sola ingebidi tuongeze na inveta ya kugeuza umeme wa betri.

Mjomba akanitazama. Hakupandisha sauti, lakini alikuwa amekaza uso.

"Tekla, siku ya zamu yako ya maji bustanini, kabla hujafungulia mfereji, unatazama nini?"

"Natazama chemchemi imetoa kiasi gani, Mjomba."

"Kwa nini?"

"Ili maji yafike mpaka tuta la mwisho."

"Basi tuta la mwisho ni dada yangu. Ukungu ukikaa siku nzima, sola inaingiza kidogo tu. Hilo dude litamaliza betri padri hajafika hata kwenye mahubiri. Unamnunulia mama yako, au unawanunulia majirani?"

Niliona haya, mwanangu, na nilikasirika pia, maana kuambiwa ukweli mbele ya muuzaji kunawasha. Lakini ile kubwa nikaiacha. Tukamwomba yule kijana atuonyeshe TV za sola. Akaleta moja nyembamba, akaigeuza nyuma tukaona wati zake, yaani umeme inaokula, chache kabisa, akaiunga kwenye betri ya dukani. Ikawaka papo hapo, bila inveta wala kelele. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda nayo mlima huku nikinung'unika kwamba ni ndogo kama sinia. Mjomba alijifanya hasikii.

Jumapili ilipofika, ukungu ulikuwa umelala tangu juzi yake. Mama aliomba aogeshwe, akavaa kitenge chake cha sikukuu, mimi na Mjomba tukamketisha kwenye kiti. Mimi sikumtazama padri hata kidogo. Nilikuwa natazama kitaa cha betri, nikiogopa kitazimika. Mahubiri yakaja, yakapita. Padri alipowaalika waumini wapeane amani, Mama akageuka kwenye kiti akampa mkono kaka yake, kisha akanipa mimi. "Amani, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kanisani. Nililia, sikufichi. Na wimbo wa mwisho aliuimba wote, ubeti kwa ubeti.

Sasa nyinyi mna umeme wa LUKU, wa kulipia kwanza, na mtu mwenye LUKU hudhani umeme hauishi mpaka mita ianze kupiga kelele. Kabla ya kuulizia upana, jiulizeni TV hiyo ni ya nani na chumba chenu kina nafasi gani. Kisha igeuzeni, msome wati, mlinganishe na nyingine ya saizi ile ile. Msione aibu, muuzaji yuko pale kwa kazi hiyo. Mkifika nayo nyumbani punguzeni mwanga wa kioo, maana dukani huuweka mkali ili kuvutia macho. Na mkimaliza kutazama zimeni ukutani, pamoja na king'amuzi; msiviache vimekodoa vile vitaa vyekundu usiku kucha. Umeme mtakaoubakiza hautakosa kazi. Kuna jokofu, kuna pasi, kuna taa ya mtoto kusomea, ingawa mtoto mwenyewe bado namsubiri, na nyinyi mnajua kwamba namsubiri.

Nenda mwanangu, mkachague kwa furaha. Mungu awape nyumba ambayo aliye mnyonge kuliko wote hufikiriwa wa kwanza, na kila atakayeshindwa kutoka nje, furaha imfuate pale pale alipoketi.