Mafuta ya Makapi ya Mpunga

Nilimwomba mke wangu pipa lake pekee la kupikia mawese, nikamwahidi mafuta ya taa. Nikalijaza makapi ya mpunga, nikaziba kifuniko kwa udongo, nikawasha moto chini. Moshi ukapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya beseni la maji, yakatoka matone meusi. Nikayatia kwenye taa. Yakagoma kuwaka.

“Papa watoto, umepika maji ya moshi,” mke wangu akasema. “Na pipa yangu iko inanuka! Mawese nitapikia mu kichwa yako?”

Ila hakuyamwaga. Aliyapaka kwenye nguzo za ghala zilizokuwa zikiliwa na mchwa, na mchwa wakahama. Siku hizi anapikia mawese kwenye pipa jingine, na majirani wananiletea makapi niwapikie dawa ya mchwa. Hatimaye nimepata kazi isiyonitoa uani.