Boti Ilipotuzimikia Mtoni Tana

Wiki jana niliwapakia mke wangu, mama yangu na watoto wetu wawili kwenye boti ya injini pale Garsen, tukateremka mto Tana kwenda likizo Kipini. Mafuriko yalikuwa yamekata barabara, nami nikawaambia watoto kwamba tunasafiri kama matajiri. Mwanzo ulikuwa raha tupu. Watoto walipiga kelele kila walipoona mamba, na mama, asiyecheka ovyo, alicheka hadi akashika mbavu.

Kisha injini ikazimika. Nahodha alivuta kamba ya kuiwashia mpaka kiganja kikachubuka. Boti ikaenda kombo, ikielekea walipokuwa viboko. Mke wangu alimkumbatia mtoto mdogo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Matajiri, eh?"

Mkulima mmoja Mpokomo alituona. Yeye na nduguye walikuja kwa mtumbwi, wakaifunga boti yetu kamba, wakatuvuta hadi ukingoni kwao. Shamba lao lote lilikuwa chini ya maji. Hata hivyo mke wa mkulima alitandika mkeka, akatuletea wali na samaki.

"Kuleni, wageni," alisema. "Mto umechukua mahindi yetu, lakini samaki umetuachia."

Mama alimshika mikono yote miwili.

Injini ilitengenezwa, tukafika Kipini, tukaogelea baharini hadi tukachoka. Lakini jana nilimsikia mke wangu akimsimulia jirani safari yetu. Bahari hakuitaja kabisa.

"Tulibahatika sana, dadangu," alisema. "Injini ilitufia mahali pazuri."