Kiti Nilichokiwekesha kwa Jirani

Nafundisha shule ya msingi Gendabi, naishi kwa wazazi wangu tangu ndoa yangu ilipovunjika, na kwetu hela ya mshahara ina njia moja tu: iende mnadani Katesh, irudi na mtamba. Ng'ombe anaonekana, baba husema, anakamuliwa, anazaa. Kingine chochote ni kuchezea hela. Kwa hiyo nina mitamba kwenye zizi la baba, na watu wote wanajua ni ya baba. Mimi jioni nasahihisha madaftari kwenye kigoda, mgongo unaniuma utafikiri nimeshinda shambani.

Nilitaka kiti. Siyo makochi ya sebuleni, hapana, kiti kimoja cha kuegemea, chenye mikono na mto, nikae nisome bila kuitwa. Nikamwagiza fundi seremala wa Katesh, nikamlipa, na njia nzima ya kurudi nikawa nageuka nyuma kama mwizi.

Nikipeleke nyumbani? Thubutu! Kwetu kiti kizuri ni cha mkubwa. Baba angekaa, wajomba wangekaa, kila anayeamkiwa shikamoo angekaa, mimi ningebaki mtu wa kukipangusa. Nikafanya kama wazee wetu wanavyofanya. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Wengine anawawekesha kwa watu, mbali na macho, na anayewatunza anakunywa maziwa. Nami nikakiwekesha kiti changu kwa jirani yetu, mama mmoja mjane. Mchana akikalie yeye, jioni mimi.

Hata pale sikupumzika. Nikikaa, sikio liko mlangoni. Jasho langu, kiti changu, na bado najibanza kama mtoto aliyelamba sukari. Ilikuwa inaniudhi sana.

Jumapili moja baada ya ibada nikamkuta baba kwa mama mjane, ameegemea kwenye kiti changu, kikombe cha chai mkononi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda. Alikuwa anakisifu kiti, anapapasa mbao zake, akamuuliza mama mjane ni cha nani. Yule mama akasema amewekeshewa tu. Kwetu ukijibiwa hivyo huulizi tena. Baba akanigeukia, akasema mwenye kiti hiki ana akili. Ningefurahi, lakini nikawaka.

"Ni changu, baba."

Akaniuliza kwa nini sikununua mtamba. Nikamwambia mitamba ninayo, ila sijapata hata mmoja wa kuegemea. Mama mjane akajifanya anatafuta kitu jikoni.

"Na mbona umemficha baba yako?"

"Ng'ombe wako uliowawekesha kwa watu kule Masakta, baba, umewaficha kwa nini?"

Hakuna mtoto nyumbani kwetu anayethubutu kuwataja ng'ombe hao. Baba akapiga funda moja la chai.

"Ili watu wasiwaombe," akasema.

"Na mimi hivyo hivyo."

Hakuinuka. Alimaliza chai, akaomba nyingine, akainywa polepole, na mimi pale chini, magoti karibu yaguse kidevu. Mwishowe akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Mama mjane akaniuliza kama tukipeleke kwetu jioni hiyo hiyo, maana siri imeshatoka. Nikamwambia ndiyo, sasa kila mtu atajua ni changu, lakini kwanza aniache nikae kidogo. Safari hii sikutega sikio mlangoni.