Mafua Yaliyoondoka na Harufu

Mafua yaliingia nyumbani kwetu na mvua za kwanza, kama kawaida yake. Yalianza kwa binti yangu, aliyerudi kutoka shule akipiga chafya, macho mekundu, makamasi mepesi kama maji. Akamwambukiza baba yake, naye akaniambukiza mimi. Nyumba ni ndogo, tunalala tumebanana, na upepo wa ziwa unatulazimisha kufunga madirisha. Akikohoa mmoja, wote tunapokea.

Kwangu lilianza koo kuwasha, kisha kichwa kikawa kizito, kisha pua zikaziba nikawa napumua kwa mdomo. Mume wangu alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akanifunika blanketi juu ya sufuria nivute mvuke. Akaenda pia duka la dawa akaleta vidonge vya rangi mbili, nikameza. Homa ikashuka. Binti na baba yake wakapona, nami nikapona, au nilifikiri hivyo. Pua zilifunguka, hewa ikapita. Harufu haikupita.

Nilijua kwa sababu ya maharage. Nilikuwa nimeketi kando ya mbabula, jiko letu la makaa, nachambua mchele, binti yangu akaingia mbio kutoka uani.

"Mama, maharage yanaungua!"

Nikainamia sufuria. Moshi ulinichoma macho, lakini puani hakukuwa na kitu.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Mimi nilikuwa nauza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na ndagala hununuliwa kwa pua. Macho hudanganywa, maana samaki walionyeshewa na mvua wakianikwa tena hung'aa kama wenzao. Mama yangu, aliyeshuka kutoka kaskazini ya ziwa akifuata wavuvi, alinifundisha kuingiza mkono mpaka katikati ya gunia, kuchota kidogo, kuwapulizia pumzi ya moto, kisha kunusa. Ndagala nzuri hunukia jua na mchanga. Mbaya ina harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Wavuvi wa Zongwe walikuwa wakiniona nafika ufukweni, wanaanza wenyewe kutenga magunia mabaya kabla sijainama.

Nilikwenda kituo cha afya. Muganga, mwanaume mpole mwenye mvi, alinimulika puani na kooni kwa tochi, akauliza nilimeza nini. Nikamwonyesha pakiti. Akatikisa kichwa.

"Mama, mafua njo virusi. Hizi zinaua bakteria, virusi hazivigusi. Mafua ni kupumzika, kunywa maji mengi, kusafisha pua na maji safi ya chumvi, na dawa ya homa kama iko. Yanaisha yenyewe."

"Yaliisha, Papa. Harufu ndiyo haijarudi."

Akazima tochi yake.

"Wakati mwingine virusi vinaumiza mishipa ya kunusia, huku juu ndani. Inaweza kupona polepole. Inaweza pia kubaki hivi."

"Na dawa yake?"

"Unuse vitu vyenye nguvu, asubuhi na jioni. Kahawa, limau, karafuu. Ujaribu kukumbuka harufu yake. Dawa nyingine sina, Mama. Sitakudanganya."

Nilimshukuru. Lakini nikiwa njiani nilitamani angenidanganya.

Nikanusa kama alivyoniambia. Kahawa ilikuwa kama vumbi. Limau lilileta ubaridi tu. Mara moja nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikamwita mume wangu kwa furaha. Akazunguka nyumba nzima, akarudi.

"Hakuna kinachoungua," akasema.

Biashara sikuiacha. Nilimwomba mume wangu aje ufukweni awe pua yangu. Yeye ni fundi wa kujenga, alikulia Niemba kati ya mihogo na mahindi, na kwake ndagala zote zinanuka ndagala. Alinusa kwa bidii, gunia baada ya gunia.

"Minaona ni nzuri," alisema kila mara.

Magunia yale aliyachukua mama mmoja wa Manono, mteja wangu wa zamani. Safari yake iliyofuata alinikuta sokoni, hakukaa kwenye kigoda nilichomsogezea.

"Mama, tulifungua magunia kule, watu wakakimbia harufu. Wewe hukusikia?"

"Sikusikia. Pua yangu ilikufa na mafua."

Alinitazama kama mtu anayepima uongo. Halafu akaona machozi, akanishika mkono.

"Pole sana, dada yangu."

Akaniachia mkono, akahamia meza ya jirani yangu, akaanza kununua. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile. Wengine nao wakasikia, na meza yangu ikabaki na nzi.

Sasa nauza makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba. Makala hayahitaji pua. Karafuu bado ninazo kwenye kikopo, lakini nimeacha kuzinusa, na mume wangu ameacha kuuliza.

Juzi mdogo wangu alijifungua. Nilipofika akaniwekea mtoto mikononi, nikaweka pua kwenye utosi wake kama tunavyofanya wote. Nilisikia joto na vinywele laini. Nikavuta pumzi tena, kwa nguvu, mpaka mtoto akastuka.

"Ananukia maziwa, siyo?" mdogo wangu akauliza, anacheka.

"Ndiyo," nikasema, "maziwa matupu."

Nikamrudishia mtoto wake, nikaaga mapema. Nilisema mvua inakuja na makala yangu yako nje.